Sindano za kuchonga pua saluni: serikali izifungie au kila mtu na pua yake?

Chuma cha Ubungo:
Wakuu habari za muda huu. Naomba tujadili bila matusi. Siku hizi kila nikishika simu nakutana na tangazo la saluni, kope, kucha, na chini kabisa "kuchonga pua dakika 15 bila kisu". Saluni! Mahali pa kusukia! Swali langu ni hili, serikali ifungie hizi sindano huko saluni zibaki hospitali tu, au tuseme mtu mzima na pua yake? Mimi nasema zifungiwe. Na wadada mjue tu, pua ya upanga haileti ndoa, bibi zenu waliolewa na pua hizo hizo.

BintiPangani:
Ya saluni sijui ila hapo kwenye ndoa umetukosea. Nani kakwambia mtu anachonga pua ili aolewe na wewe? Wanaume mnapanda ndege mpaka Uturuki kupandikiza nywele, mnarudi na kichwa kimefungwa bandeji mnapita uwanja wa ndege bila aibu, dada akigusa pua yake inakuwa mjadala wa taifa.

Chuma cha Ubungo:
Bibie punguza povu, upara wangu mimi uko wazi unapigwa jua. Nimesema SALUNI.

BintiPangani:
Umesema na bibi zetu, usikimbie. Bibi yangu ndo alinikanda pua nikiwa mchanga na ndo maana imechongoka hivi, sijawahi kuhitaji sindano ya mtu.

Nesi wa Zamu:
Nafanya kazi chumba cha upasuaji, ngoja niwawekee sawa kabla uzi haujapotea. Fila, yaani hicho wanachodunga kwenye hizo sindano, inajaza, haipunguzi. Kama pua yako ni pana haitakuwa nyembamba, wanainyanyua mgongo tu ili jicho lidanganyike, na mwenye kinundu wanajaza juu na chini ya kinundu mstari uonekane umenyooka. Inakaa miezi 6 mpaka mwaka na nusu hivi, mwili unaifyonza, unarudi tena kulipa. Anayetaka matundu yapungue ni kisu, wanakata kipande pembeni ya tundu kwa ganzi wanashona kwenye mkunjo, na kama kwenu mna makovu ya kuvimba sema mapema. Anayetaka mfupa ubadilike huyo ni nusu kaputi, mfupa unavunjwa kwa patasi na nyundo, ndiyo patasi na nyundo umesoma vizuri, gegedu, ule mfupa laini, wanachukua ukuta wa kati wa pua au sikioni au hata ubavuni, unakaa na plasta ngumu puani kama wiki, macho yamevilia damu. Uvimbe wa ncha unaweza kumaliza mwaka, na wenye ngozi nene ya pua kama wengi wetu inachukua zaidi.

kipepeo mweusi:
Dada nesi swali, si kuna dawa ya kuyeyusha hiyo fila? Kuna mahali nilisoma. Sasa hofu ya nini, wakiharibu si unayeyusha.

Nesi wa Zamu:
Ipo, kwa zile za haialuroniki asidi tu, ile jeli inayofyonzwa na mwili. Silikoni haiyeyuki. Na muulize huyo wa saluni kama hiyo dawa anayo kwenye friji lake au kuna soda tupu. Mishipa ya damu ya pua imeungana na inayolisha jicho, fila ikiingia kwenye mshipa mtu anaweza kupofuka hapo hapo kwenye kiti, na jicho halisubiri foleni ya Mandela Road.

Mtu Chake:
Nisaidie kumjibu kipepeo. Binamu yangu alidungwa, saluni siitaji. Alitoka anasema inavuta tu, wakampa panadol. Usiku ncha ya pua ikawa rangi ya majivu, ukiibonyeza ukaachia inabaki vile vile, damu hairudi, asubuhi madoa ya zambarau yamejichora kama wavu mpaka karibu na shavu. Na kwa weusi wetu huu usipoangalia kwenye mwanga unadhani kajikwaruza. Tulipoenda kuuliza amedungwa nini tulionyeshwa boksi lina Kikorea kitupu. Hospitali walijitahidi ila pembeni ya tundu kovu lipo mpaka leo.

Chuma cha Ubungo:
Haya sasa. TMDA, wale wasimamizi wa dawa na vifaa tiba, wako wapi?

BintiPangani:
Pole sana kwa binamu. Ila Chuma usijifiche nyuma ya wagonjwa, bibi zetu hujawaomba radhi.

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, mnagombana juu juu. Kutengeneza pua hakukuanzia Uturuki. Wahindi wa kale, yule tabibu wao Sushruta, walikuwa wanamshonea pua mtu aliyekatwa, maana kukatwa pua ilikuwa adhabu. Daktari Jacques Joseph wa Berlin alianza kupasua pua mwaka 1898, Myahudi mwenyewe, na wateja wake wengi walikuwa Wayahudi waliochoka kutambuliwa kwa pua barabarani. Na hapo jirani Rwanda Wabelgiji walipima watu pua kwa vipimo, miaka ya 1930 wakawaandikia kabila kwenye kitambulisho, na kilichotokea 1994 mnakijua. Kwa hiyo kabla ya saluni nauliza, ni nani alitufundisha kwamba pua pana ni mbaya?

kipepeo mweusi:
Mwalimu umenikumbusha, nina shemeji wa Karagwe ana pua hiyo unaweza kutundika koti, lakini watoto wote wamechukua ya kwetu, haijabaki hata moja.

Mtu Chake:
Hawakukandwa hao.

Nesi wa Zamu:
Jamani kukanda hakuna kitu. Gegedu ya mtoto ni laini, unaiminya inarudi ilivyokuwa, pua inajibadilisha yenyewe akikua. Hata vile vibanio vya pua mnavyoagiza mtandaoni ni hela mmetupa.

BintiPangani:
Kwa hiyo bibi yangu mwongo? Aliyelea watoto tisa? Nyie wa hospitali kila cha wazee kwenu ujinga. Njoo Pangani nikuonyeshe ukoo mzima, wote tumekandwa wote pua ziko wima.

Nesi wa Zamu:
Dada huo ukoo mzima ndo jibu lenyewe, mnafanana.

Chuma cha Ubungo:
Hahaha nesi kamaliza.

BintiPangani:
Chuma nawe nyamaza, weka picha ya pua yako hapa tuone mwenye uzi.

Chuma cha Ubungo:
Pua yangu inafanya kazi usiku na mchana, ukuta wa kati umepinda nakoroma mpaka jirani anagonga. Hata mimi nimewahi kuambiwa nifanyiwe upasuaji, wa kupumua lakini.

kipepeo mweusi:
Wakikunyoosha ndani waambie wakunyooshe na nje, hutarudi hapa kuongea.

Mama Wawili:
Samahani kuingilia. Nesi mwanangu ana wiki tatu, mama mkwe kaja na mafuta ya nazi anasema pua ya mtoto ikandwe kabla haijakomaa. Nifanyeje bila ugomvi?

Nesi wa Zamu:
Mwambie dokta kakataza, nisingizie mimi. Mtoto wa umri huo anategemea pua kupumua, hajui hata kuhemea mdomo vizuri, mafuta yakizama ndani au akiiziba kwa vidole ni tatizo.

BintiPangani:
Mama Wawili mkwe kabila gani kwanza?

Mama Wawili:
Msambaa. Na ameshaanza.