Naomba ushauri: neno "abut" kwenye hati ya kihamba

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Niko Moshi, upande wa Kibosho. Baba mdogo ananiuzia kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo la Kichagga, na karatasi ya zamani ya mipaka imeandikwa Kiingereza. Inasema upande wa chini kiwanja kina-"abut" mfereji. Nimeshika kamusi: kupakana. Basi, imeishia hapo.

Tatizo nililiona Jumamosi nilipoteremka kwa miguu. Mstari wa masale, mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, unaishia kwenye mgomba wa mwisho, halafu kuna kinjia cha hatua mbili hivi, ndipo unakuta mfereji. Jirani anasema kinjia ni chake. Baba mdogo anacheka tu, eti karatasi imeshasema.

Nimechimba asili ya neno. Limetoka Kifaransa cha kale, kwenye "bout", yaani ncha au mwisho, na "abouter", kuunganisha ncha kwa ncha. Hata nguzo za pembeni zinazobeba daraja Waingereza huziita "abutment". Kwa hiyo naona ni kugusana kabisa, siyo kuwa karibu karibu. Sisi tukisema "tunapakana", hata barabara ikipita katikati hakuna anayeshtuka!

Waliozoea hati za ardhi, mahakama huwa inalisomaje neno hili? Nimlete mpima kabla ya kulipa, au nianze na wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji tukiwa tumesimama palepale kwenye masale? Baba mdogo anataka hela kabla ya Krismasi.