Kusajili ala za muziki mtandaoni: kuna faida gani udi ukiibwa?

Mpiga_Udi_Unguja:
Assalam aleikum. Mwezi uliopita, baada ya kupiga harusini, niliuacha udi wangu nyuma ya jukwaa ili nisaidie kubeba spika, na niliporudi sikuukuta. Kituoni nilipewa RB (namba ya taarifa ya polisi), lakini nilipotakiwa kutaja alama zake niliishia kusema ni udi wa kahawia wenye nyuzi 11, maelezo yanayofaa nusu ya nyudi za mji huu. Alhamdulillahi, kijana wa kundi letu aliuona ukitembezwa kuuzwa, tukaupata. Sasa nashauriwa niusajili mtandaoni, pamoja na fidla na kinanda cha kundi. Je, usajili huo una uzito wowote?

Fundi_Gita:
Pole sana, mwalimu. Daftari la mtandaoni halikijui chombo chako ila kwa yale unayoliandikia. Gita za kiwandani zina namba: Gibson, kwa mfano, kati ya 1977 na 2005 kwa kawaida iligonga tarakimu 8 nyuma ya kichwa cha gita, ambapo ya kwanza na ya tano hutoa mwaka, na tatu zilizo kati yake hutaja siku ya mwaka huo. Namba ya kinanda mara nyingi huwa kwenye kibandiko cha chini, nacho hubanduka kwa kucha, kwa hiyo kipige picha leo.

Udi na fidla ni shughuli nyingine. Karatasi iliyobandikwa ndani isikudanganye, kwani fidla za kiwandani zenye jina la Stradivari, yule fundi maarufu wa fidla wa Italia ya kale, zimejaa dunia nzima. Piga picha ya mistari ya mbao usoni mwa chombo, kwa karibu, mwanga ukitokea ubavuni, kisha ufa uliogundishwa na kigingi kilichobadilishwa. Fidla iitwayo Ames, aliyoiunda Stradivari mwaka 1734, iliibwa kwa mpiga fidla Roman Totenberg kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1980. Mwaka 2015 ilipopelekwa kwa mthamini New York, aliitambua, kwa kuwa picha na vipimo vyake vilikuwa vimehifadhiwa. Totenberg mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 2012, ikakabidhiwa binti zake.

Wakili_Mstaafu:
Naongeza upande wa sheria. Usajili wa namna hii si hati ya umiliki, bali ni ushahidi kwamba ulikitaja chombo kuwa chako kabla hakijaibwa, na thamani yake kubwa ni ile tarehe. Uambatanishe na risiti, au barua ya fundi aliyekuuzia. Mwizi hana haki ya kumpa mnunuzi, na kwa kawaida hata aliyenunua kwa nia njema hulazimika kurudisha mali, lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba ni yako utakuwa mabegani mwako.

Mwaka 2021 INTERPOL, shirika la kimataifa la polisi, ilitoa programu ya simu iitwayo ID-Art, ambayo humwezesha mtu kuorodhesha vitu vyake vya sanaa na kukagua kama kitu kimeripotiwa kuibwa. Orodha yenyewe ya vilivyoibwa huingizwa kupitia polisi wa nchi husika, na kinanda cha kawaida hakina nafasi humo. Aidha, usianike kila kitu hadharani: bakiza alama moja unayoijua peke yako, ili anayejidai mwenye mali aulizwe hiyo.

Besi_Kavu:
Mimi nina shaka, wazee wangu. Mnunuzi wa mitumba hafungui daftari lolote kabla ya kutoa pesa. Besi (gita la sauti nzito) ya Höfner ya Paul McCartney wa Beatles, aliyoinunua Hamburg mwaka 1961, iliibwa London mwaka 1972, na kurudi kwake kulithibitishwa mwaka 2024 baada ya watu kuitangaza na kuulizana. Kilichoirudisha ni midomo ya watu, si daftari.

Fundi_Gita:
Ni kweli, ndugu yangu, lakini hata waliokuwa wakiulizana walihitaji picha za kuonyesha, na besi ilipopatikana ilibidi ikaguliwe kabla ya kukubalika kuwa ndiyo.

Mpiga_Udi_Unguja:
Nawashukuru. Jana usiku nimepiga picha 14, na katika kumulika ndani kwa tochi nimeona kitu ambacho sikuwahi kukijua kwa miaka 9 niliyokaa na udi huu: kipande kidogo cha mbao nyeupe kilichogundishwa chini ya uso, karibu na daraja la nyuzi. Wapi hasa, hilo sitaliandika hapa.