Rupia ya Mjerumani ya 1905: A au J?

Nina rupia ya fedha, Deutsch Ostafrika (Afrika Mashariki ya Kijerumani), 1905. Herufi ndogo upande wa mwaka imelika. Nitaitambuaje?

— Tumia lenzi ya 10x, taa imulike kwa ubavuni, si kutoka juu. Herufi ni alama ya kiwanda kilichoitengeneza sarafu: A ni Berlin, J ni Hamburg. Hata ikilika, A huacha miguu miwili, J mkia uliopinda. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno, utafuta hata hicho kilichobaki.

— Ipime kwa mizani ya sonara: gramu 11.66, iliyochakaa hupungua kidogo. Ikinasa kwenye sumaku, ni bandia.

— Ukiuziwa rupia ya fedha yenye T, achana nayo. T ni Tabora, 1916: sarafu ya hela 5 (Heller, sarafu ndogo chini ya rupia), ya hela 20 na ya dhahabu ya rupia 15 basi.