Kitabu cha ziada kimemhamishia Archimedes Athens, mwanangu kakatwa alama!

Wakuu, nimefura. Jana binti yangu wa darasa la sita kaja na karatasi ya jaribio. Swali: Archimedes, yule mwanahisabati wa Wagiriki wa kale, alizaliwa wapi? Kaandika Syracuse, maana nilimwambia mimi. Kapigwa kosa kwa wino mwekundu mpaka karatasi imetoboka, pembeni kaandikiwa "Athens".

Nampigia mwalimu, ananijibu kwa upole, "Mzazi, sisi tunafuata kitabu." Kitabu chenyewe ni kile tulicholazimishwa kununua kwa 12,000, kurasa zinabanduka kama maganda ya kitunguu.

Haya, nikakifungua. Ukurasa mzima ni beseni, maji yanamwagika, mzee anakimbia uchi mtaani, eti kagundua jambo akiwa anaoga. Basi! Na hadithi yenyewe kaiandika Vitruvius, Mrumi, miaka kama 200 baadaye. Katika maandishi ya Archimedes yaliyobaki haimo.

Jamani, mtu kazaliwa mji wa Syracuse, katika kisiwa cha Sisilia, karibu mwaka 287 KK. Ulikuwa mji wa Wagiriki, leo ni Italia. Baba yake, Phidias, alikuwa mwanafalaki. Na hiyo 22/7 ya pai wanayokaririshwa watoto wetu inatoka kwake! Alichukua umbo la pande 96 ndani ya duara, na jingine la pande 96 nje yake, akapiga hesabu bila kikokotoo, akathibitisha kwamba pai ni ndogo kuliko 3 1/7, yaani hiyo 22/7, na kubwa kuliko 3 10/71. Kitabu cha hisabati, halafu hili hakina! Beseni kinalo, tena na picha.

Kuhusu kifo chake wameandika "alikufa". Aliuawa na askari wa Kirumi mwaka 212 KK mji ulipotekwa, ingawa jenerali Marcellus alitaka asiguswe.

Kinachonichekesha kwa hasira ni hiki: mzee huyu alikuwa akiwaandikia wasomi wa Alexandria, Misri, na safari moja aliwatumia kanuni mbili za uongo makusudi, awanase wale wanaojidai wamegundua kila kitu bila kuonyesha uthibitisho. Mwandishi wetu wa kitabu angenaswa wa kwanza.

Kesho saa mbili asubuhi niko ofisi ya mwalimu mkuu, kitabu mkononi. Sitaki samahani. Nataka alama moja ya mwanangu irudi na 12,000 yangu. Kama kuna mzazi mwingine kauziwa hiki kitabu, aniambie ukurasa wa Pythagoras umeandikwaje, mimi nimeogopa kuufungua.