Naomba ushauri: programu ya muziki inaganda nikiifunga

Wakuu, habari. Kompyuta ni ya Linux, nyimbo ziko kwenye diski ya nje ya USB. Wimbo ukisimamishwa kwanza, programu inafunga bila shida. Ukiwa unacheza, nikibonyeza Ctrl+Q dirisha linaganda. Kwenye ps (amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa) hali ni S (inasubiri kwa kawaida), si D (imekwama ikisubiri diski au kifaa), kwa hiyo diski siishuku sana. Kill ya kawaida (amri ya kuiomba programu ijifunge) haifui dafu, mpaka kill -9 (ya kuizima kwa nguvu), na hiyo inapoteza orodha ya nyimbo. Nimehamisha faili la mipangilio, nimezima plagini zote: bado. Gdb (zana ya kuchungulia ndani ya programu) inaonyesha uzi mkuu (thread, mkondo wa kazi ndani ya programu) unasubiri kwenye pthread_join, yaani unangoja uzi mwingine umalize, na uzi wa sauti umekwama kwenye kufuli (lock, inayozuia nyuzi mbili kutumia kitu kimoja kwa wakati mmoja). Je, nijaribu kutoa sauti moja kwa moja kupitia ALSA (mfumo wa sauti wa msingi wa Linux), au kuna kipimo kingine kinachotangulia?