Majipu yanayorudi kila mara: yanakomeshwaje?

Mchanga wa Pwani:
Wakuu, kijana wa miaka 17 anaota majipu makalioni na kwapani. Moja likipona, wiki chache baadaye linachomoza jingine. Lililopo sasa ni kubwa kama harage, gumu, linauma, halijatunga usaha. Ameshameza amoksilini bila kupimwa. Je, likamuliwe? Na yatakomaje kurudi?

Nesi wa Vidonda:
Mkuu, lisikamuliwe wala kutobolewa kwa sindano. Ukilibinya, usaha hupasukia ndani na bakteria huenea kwenye nyama iliyo jirani.

Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo ngozi inayavumilia (jaribu kwanza kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono), kikamue, kiweke juu ya jipu kwa dakika 10 hadi 15. Kikipoa, chovya tena. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku. Joto huvuta damu mahali pale, na jipu huiva na kupasuka lenyewe. Wengi hukosea hapa: wanakanda mara moja jioni, kesho yake wanakata tamaa.

Likipasuka, acha usaha utoke, osha kwa sabuni na maji, pangusa, funika kwa shashi kavu. Badilisha kila siku, na mapema zaidi ikilowa. Endelea kukanda siku mbili tatu. Usimimine spiriti kwenye kidonda, inaunguza nyama mpya. Shashi chafu ifungwe kwenye mfuko kabla ya kutupwa, na mikono ioshwe kabla na baada.

Daktari wa Zamu:
Kuhusu amoksilini: majipu mengi husababishwa na bakteria aina ya stafilokokasi, na wengi wao hutengeneza kimeng'enya (kemikali ya mwilini mwao) kinachoivunja dawa hiyo. Isitoshe, hata dawa sahihi hupenya kwa shida kwenye mfuko wa usaha. Jipu kubwa lililoiva hupasuliwa kwa ganzi na kusafishwa. Antibiotiki huongezwa kukiwa na sababu. Usaha ukipimwa maabara, dawa huchaguliwa kwa uhakika.

Asisubiri nyumbani akiwa na homa, michirizi myekundu inayotoka kwenye jipu, wekundu unaosambaa haraka, majipu yaliyoungana yenye midomo mingi, au jipu lililokaa wiki 2 bila kupungua. Jipu la puani au mdomo wa juu nalo ni la kuwahi hospitali, kwa sababu mishipa ya damu ya eneo hilo ina njia kuelekea kwenye ubongo. Mwenye kisukari au kinga dhaifu aende mapema zaidi.

Mfamasia:
Kurudi kwake mara nyingi kunaanzia puani, ambako bakteria hawa hukaa bila dalili. Vidole huwapeleka kwapani na makalioni, nao huingia kupitia mikwaruzo ya wembe au nguo zinazobana.

Baada ya majipu kupona, daktari anaweza kumwandikia mafuta ya mupirosini (antibiotiki ya kupaka) ya asilimia 2, yapakwe ndani ya pua zote mbili, mara 2 kwa siku kwa siku 5. Kipindi hichohicho aoge kila siku kwa sabuni ya klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi) ya asilimia 4. Taulo na shuka zifuliwe kwa maji ya moto, kila mtu awe na taulo na wembe wake. Kama wengine nyumbani wana majipu, wote watibiwe pamoja. Vinginevyo wataambukizana upya. Apimwe na sukari.

Mchanga wa Pwani:
Asante sana. Klorheksidini inafika kichwani pia?

Mfamasia:
Ndiyo, hata nywele. Iache kwenye ngozi dakika 1 kisha asuuze vizuri. Isiingie machoni wala ndani ya masikio.

Daktari wa Zamu:
Nyongeza moja. Kama kwapani kuna makovu yaliyokunjamana, vitundu vyeusi viwiliviwili au mirija inayovuja chini ya ngozi, huenda ni hidradenitisi. Huo ni ugonjwa wa vinyweleo wenyewe, tiba yake ni tofauti, na mupirosini haitausaidia. Aonwe na daktari wa ngozi.