"Kama" yetu moja, Kiingereza maneno kibao: like, as, such as au similar to?

Mhariri_wa_Jioni: Wakuu, habari za jioni. Nahariri barua za maombi ya kazi na ripoti, na neno linalonikwamisha kila ukurasa ni "kama". Kwetu linabeba kila kitu: nilifanya kazi kama mhasibu, mazao kama mahindi, kama nilivyosema. Mnachaguaje kati ya like, as na such as? Halafu "similar with" ni kosa kweli? Naiona kila mahali.

Kalamu Nyekundu: Mkuu, kabla hujagusa Kiingereza, ibadilishe "kama" hukohuko kwenye Kiswahili. Ikikubali "nikiwa", ni as. Ikikubali "mithili ya", ni like. "She works as a teacher": ndiyo kazi yake. "She talks like a teacher": anaongea hivyo tu, kazi yake hatujaambiwa. Kwenye barua ya kazi kosa hili linaumiza sana, maana "I worked like an accountant" inamwambia mwajiri kwamba hukuwa mhasibu.

"Kama" ikifuatwa na kitenzi, kwa mfano "kama nilivyosema", andika "as I said". Mdomoni "like I said" inapita bila shida, ila kwenye maandishi rasmi wapo wanaoikataa mpaka leo. Tangazo la sigara za Winston la mwaka 1954, "tastes good like a cigarette should", lilizusha ubishi Marekani kwa neno hilo moja. Wakereketwa wa sarufi walidai iwe as.

Bi Sarufi: "Similar with" ni kosa, na chanzo chake ni "na" yetu. Tunasema inafanana na, ni sawa na, ni tofauti na. "Na" ni ileile, basi mtu anaivusha yote kuwa with. Kiingereza hakiendi hivyo: similar to, the same as, different from. Resemble ndiyo haitaki kitu katikati kabisa: "He resembles his uncle". Ukikuta "resembles with" au "resembles to", futa hicho kidude.

Alike nayo haikai mbele ya nomino. "The two forms are alike" ni sawa. "Two alike forms" si sawa, hapo weka similar.

Mhariri_wa_Jioni: Asante sana, dada. Na "How does he look like?"

Bi Sarufi: Hapo maswali mawili yamegongana. "What does he look like?" ni anafananaje: mrefu, mwembamba, ana ndevu. "How does he look?" ni anaonekanaje sasa hivi: amechoka, amepona. Ukitaka tabia, uliza "What is he like?"

Kalamu Nyekundu: Such as tusiisahau, ni ya kutaja mifano. "Crops such as maize": mahindi yenyewe yamo. Like nayo hutumika hivyo, lakini kwenye oda ya manunuzi inaleta utata. "Pumps like the old one" ni pampu zinazofanana na ile ya zamani. "Pumps such as the old one" inaihesabu na ile ya zamani. Na ukishaandika such as, usimalizie na etc.; such as imeshasema kwamba hiyo ni baadhi tu.